Lami ya Makaa ya Mawe na Yaliyomo Ndani Yake

Watu wa Chuno, katika mji wa Mtwara, hawakosi kuyajua makaa ya mawe. Mwaka 2022 makaa yaliyochimbwa Ngaka, katika wilaya ya Mbinga, yaliletwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, yakapakiwa melini kupelekwa ng'ambo. Ayatazamaye huona mawe meusi ya kutia motoni, basi. Lakini katika mawe hayo hutoka rangi, dawa na sumu. Somo hili laeleza jinsi wenye elimu walivyovitenga vitu hivyo.

1. Lami hupatikanaje?

Mchoma mkaa haachi kuni ziwake wazi. Huzifunika kwa majani na udongo, hewa isiingie kwa wingi. Kwa hiyo kuni hazigeuki majivu, bali mkaa. Makaa ya mawe hufanywa vivyo hivyo, ila katika tanuri la matofali lililofungwa kabisa, lenye joto la digrii 1000 au zaidi. Hapo hupatikana vitu vitatu vikuu: gesi iwakayo, koki, yaani mkaa mgumu wa kuyeyushia chuma, na lami, nayo ni nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Tani moja ya makaa hutoa lami kiasi cha kilo 30 hadi 45.

Mwaka 1792 William Murdoch aliwasha taa nyumbani kwake Redruth, Uingereza, kwa gesi hiyo. Baadaye miji mikubwa ikamfuata. Gesi ilipendwa, lakini lami ilikuwa udhia, na nyingi ilitupwa.

Angalia: lami ya barabara zetu za leo si hii. Hiyo hutokana na mafuta yachimbwayo ardhini.

2. Kutenga kwa joto

Lami si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa mamia ya vitu. Vitatengwaje? Funika sufuria ya maji yachemkayo: mvuke hupanda, hugusa kifuniko, hugeuka matone. Basi kila kitu kina joto lake la kuchemka. Benzini huchemka kwa digrii 80, fenoli kwa 182, naftalini kwa 218, na antrasini kwa 340. Lami ikipashwa moto polepole, na mvuke wake ukipitishwa katika bomba lililopozwa, vilivyo vyepesi hutangulia na vilivyo vizito hufuata. Mwisho chomboni hubaki lami ngumu, nayo huzidi nusu ya yote.

3. Kutenga kwa tindikali na magadi makali

Hata hivyo, mafuta yapatikanayo kwa joto huwa bado yamechanganyika. Hapo hutumiwa njia ya pili. Mafuta yakitikiswa pamoja na tindikali, anilini hushikwa. Yakitikiswa pamoja na magadi makali, fenoli hushikwa. Naftalini haishikwi na hiki wala kile, hubaki peke yake. Mwaka 1834 Friedlieb Runge, Mjerumani, alipata anilini na fenoli katika lami. Anilini aliitambua kwa rangi ya buluu iliyotokea alipoitia chokaa yenye klorini.

Kazi hii ilikuwa na hatari. Charles Mansfield, aliyeonyesha mwaka 1848 njia ya kutoa benzini katika lami, alipatwa na msiba Februari 1855. Benzini aliyokuwa akiichemsha ilishika moto. Alipojaribu kukitoa chombo nje aliungua vibaya, akafa.

4. Faida

Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa anilini. Hakuipata, alipata tope jeusi. Asilitupe, akalichunguza, akaona latoa rangi nzuri ya zambarau. Hiyo ndiyo iliyoanzisha viwanda vya rangi za kutengenezwa. Mwaka 1865 daktari Joseph Lister, huko Glasgow, alitia fenoli katika jeraha la mtoto aliyevunjika mguu, na jeraha halikuoza. Naftalini nayo hufukuza nondo wanaotafuna nguo.

5. Madhara

Mwaka 1915 Yamagiwa na Ichikawa wa Japani walieleza jinsi walivyopaka lami masikioni mwa sungura mara nyingi, hata saratani ikatokea. Je, ni kitu gani katika lami kilichodhuru? Wataalamu wa London walichukua tani 2 za lami ngumu, wakaitenga sehemu kwa sehemu, wakifuata mng'ao wake katika mwanga maalumu. Mwaka 1933 walitangaza kuwa wamekipata: benzopireni. Kitu hicho kimo pia katika moshi wa kuni na wa tumbaku. Kwa hiyo jiko la kuni lahitaji dirisha, na masizi yapasa kuoshwa mwilini.

Basi dawa na sumu zilikaa katika pipa moja jeusi. Macho peke yake hayakuweza kuzitenganisha. Uchunguzi wa saburi ndio ulioziweka mbali.

Maswali

1. Kwa nini hewa huzuiwa tanurini?
2. Kati ya benzini na naftalini, kipi hutangulia kutoka? Toa sababu.
3. Umepewa mafuta yenye fenoli na naftalini. Utazitengaje?
4. Perkin alikosa alichokitafuta. Eleza faida aliyoipata.