Miraa na Haki ya Nyumba

Mji wa Isiolo uko karibu na milima ya Nyambene, itokako miraa. Hupelekwa mbio, kwani nguvu zake hupungua baada ya siku mbili. Basi kila siku hununuliwa mpya, na kila siku nyumba hupungukiwa.

Watu huuliza: ni halali au haramu? Wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, aliiandikia risala nzima ya kuitahadharisha. Lakini nafaka ya mke na watoto wadogo haina khitilafu: ni wajibu. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nafaka ya mke isiyolipwa hubaki deni juu ya mume. Basi atafunaye fedha ya unga wa nyumba yake hana fatwa ya kujifichia.

Aiachaye hupatwa na uchovu, usingizi na ndoto mbaya kwa siku kadhaa, kisha hutulia. Jamaa wamstahimili, wasimtukane. Naye abadili baraza ya alasiri, na amkabidhi mkewe fedha kabla ya kutoka. Toba ni vitendo.