Kishikwambi cha sensa kwenye kipindi cha kemia

Kosa lilikuwa lile lile kila mwaka. Naandika ubaoni N₂ + H₂ → NH₃, namwita mtoto wa Kidato cha Tatu asawazishe, naye anaikimbilia namba ya chini: H₂ inageuka H₆, NH₃ inageuka N₂H₆. Atomi zimelingana kweli, ila amonia yenyewe imepotea. Unamweleza, anaitikia "ndiyo mwalimu", kesho anarudia.

Dawa niliipata kwenye kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya serikali kuvigawa kwa walimu. Nilipakia humo simulesheni za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni za bure. Kwenye ile ya kusawazisha milinganyo, namba ya chini haiguswi kabisa. Unapandisha namba ya mbele tu, na kila ukipandisha, molekuli nzima inaingia kwenye boksi. Mtoto anatafuta pa kuchokonoa, hapaoni.

Ila usianze kwa kuwaachia wabonyeze. Mimi nilianza hivyo: wakabonyeza hovyo mpaka uso wa kutabasamu ukatokea, wakapiga makofi. Nikauliza, kwa nini haidrojeni ni tatu? Kimya. Siku hizi nakifunika kishikwambi kwanza. Kila kundi linachora molekuli kwenye daftari na kuandika jibu lake, ndipo mmoja anakuja kujaribu. Waliokosa wanaeleza walichowaza. Hapo ndipo kipindi kilipo, hata kikiisha tumefanya mlinganyo mmoja.

Tuko sabini, kishikwambi kimoja. Projekta ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, makundi yanapokezana huku mengine yakihangaika na mlinganyo wa methani inayoungua. Na kwetu Gongo la Mboto ndege zikipita zinameza sauti ya mwalimu. Picha inasubiri, ndege ikishapita tunaendelea.

Faili la simulesheni pakua mara moja ukiwa na bando. Baada ya hapo halihitaji intaneti. Likifunguka ukurasa mtupu, usilifute: limefunguliwa na programu isiyofaa, lifungue kwa Chrome. Chaji usiku, maana mchana umeme hauna ahadi.

Simulesheni ya pH ina kahawa, maziwa, juisi ya chungwa, hata matapishi (jiandae kwa vicheko). Ndimu na magadi havimo, na watoto waliviulizia. Nikachemsha rozela nyumbani, nikaja nayo kwenye chupa. Kwenye ndimu ilibaki nyekundu, kwenye maji ya magadi ikawa kijani. Wakarudi kwenye skrini wenyewe kukisia magadi yangekaa wapi kwenye kipimo.

Titresheni ndiyo siiachii skrini. Mtihani wa vitendo wa NECTA unataka mkono ulioshika bureti, basi. Binti mmoja, bingwa wetu wa milinganyo, aliifungua koki ya bureti kwa mbwembwe kama anabonyeza kioo. Asidi ikamwagika kupita kiasi, rangi ya kiashiria cha MO (methyl orange) ikaruka kutoka njano hadi pinki kabla hajasoma namba. Akaiangalia chupa, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, hii haina pa kubonyeza ianze upya?"