Kabla Fundi Hajaunga Feni Dairekti

Gari likichemsha kwenye foleni tu, halafu barabara ikifunguka mshale wa joto unashuka wenyewe, mshuku feni ya rejeta kabla ya kitu kingine. Ukikimbia, upepo wa mbele unaipoza rejeta. Ukisimama Ubungo jioni, feni ndiyo kila kitu.

Langu lilianza hivyo. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akatoa hukumu: "Bosi, hapa tunaunga dairekti. Ukiwasha gari inazunguka, ukizima inazima. Umemaliza."

Kila gereji inaijua dawa hiyo, na kweli inaweza kukufikisha nyumbani. Tabu ni kwamba mota ya feni inakula umeme mwingi. Ikiingia maji au beringi zikianza kukaza, inavuta zaidi, waya unapata moto na soketi inayeyuka. Nilipochomoa ya kwangu, upande mmoja plastiki ilishageuka kahawia na kunuka. Ukiunga waya bila fyuzi juu ya mota ya namna hiyo, umeliandaa gari kuungua.

Na kasoro kama hiyo huenda imetoka kiwandani, tena mtengenezaji ameshatangaza magari yarudishwe yabadilishiwe kifaa bure. Sisi wa magari ya mtumba kutoka Japani tangazo hatulioni, kwa kuwa barua hutumwa kwa wamiliki waliosajiliwa kulekule. Lazima ulitafute mwenyewe.

Anza na namba ya chasisi, ipo kwenye kadi ya gari. Usihangaike na tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa barabarani: yenyewe inataka namba yenye herufi na tarakimu 17, wakati gari la soko la Japani lina kodi ya modeli, kistari, kisha tarakimu chache. Ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyounda gari, simu ikutafsirie ukurasa, ujaze namba. Itakuonyesha matangazo yanayoligusa gari lako na kama kazi ilishafanyika. Angalia pia kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale kitasa kinapofungia. Wajapani wana desturi ya kubandika hapo stika ndogo kazi ikikamilika. Ila gari likishapigwa rangi upya stika huwa imekwenda nayo, kwa hiyo iamini tovuti zaidi.

Langu lilikuwa na tangazo la mota ya feni, kazi haijafanyika. Nikachapisha ukurasa, nikaenda kwa wakala wa kampuni. Kijana wa mapokezi akasema magari ya mtumba hayawahusu. Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi yenye mhuri. Akaenda kumwita mkubwa wake, na mambo yakalainika: mota wataagiza wao, ufundi nilipe mimi. Nikakubali. Wakala mwingine anaweza kukataa katakata, na hapo itabidi ununue mwenyewe. Ukinunua, hakikisha namba ya spea ni ile mpya iliyotolewa baada ya tangazo. Mota iliyokatwa kwenye gari jingine, ya soko la spea la Gerezani, inaweza kuwa na ugonjwa uleule.

Wakati unasubiri, usilaze gari ndani ya banda lililoshikana na nyumba. Saketi nyingine zina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni; Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliwaambia wamiliki wa magari zaidi ya milioni 3 Marekani waegeshe nje, japo pale tatizo lilikuwa kifaa cha breki za ABS. Mshale ukipanda njiani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho hata kama Dar inawaka, tafuta pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, bei ya feni utaiona ndogo.

Mota mpya ikishafungwa, usiondoke hapo gereji. Washa injini, washa AC, usikilize: kwenye magari mengi feni inaingia ndani ya sekunde chache. Kisha zima AC, acha injini ipate moto mpaka feni iingie yenyewe, ipoze, ikate. Isipokata hata mshale ukiwa umetulia, muulize fundi kama kuna waya wa dairekti uliobaki.