Nyumba Inayobebwa Mabegani

Somo letu la kusoma wiki hii linatupeleka Ufilipino. Wengi wenu mnakaa dawati moja na watoto wa Kifilipino, na mimi wauguzi wenzangu wengi kazini wanatoka huko. Tutaitazama nyumba yao ya jadi, ambayo karibu kila sehemu yake ina jina zuri kwa Kiswahili.

Nyumba hiyo huitwa bahay kubo. Inasimama juu ya nguzo. Kuta zake ni mianzi iliyopasuliwa na kusukwa. Paa huezekwa kwa majani ya mnipa, mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye matope karibu na mikoko. Majani hayo hushonwa kwenye fito, na aliyewahi kuona makuti yakishonwa Pwani hahitaji maelezo zaidi. Sakafu nayo ni vipande vya mianzi vilivyopangwa vikiachiana nafasi ndogo. Mtoto mmoja darasani aliniuliza: "Mwalimu, si vitu vitadondoka?" Ndiyo, makombo hudondoka, na kuku walioko chini huyala. Lakini kazi kubwa ya nafasi hizo ni kupitisha hewa. Upepo hupita uvunguni na kupanda ndani, na joto hutokea juu, chini ya paa refu lenye mwinamo mkali. Dirisha huinuliwa kwa kijiti, likawa kivuli hapo hapo. Mafuriko yakija, maji hupita chini ya sakafu na watu wamekaa juu.

Sasa tuje kwenye shida. Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000, na vimbunga huipiga kila mwaka. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho wenyewe wanakiita Yolanda, kiliua watu zaidi ya 6,000, na mji wa Tacloban uliumia sana. Huko Manila nako, familia nyingi zinaishi kwenye vibanda vya mabati na mbao kando ya mito na reli. Joto la bati mchana mnalijua, wazazi. Familia hizo zikihamishwa, mara nyingi hupelekwa mbali na mji. Nyumba mpya ni ya saruji, lakini kazi imebaki mjini na majirani wametawanyika. Wengine huiacha nyumba wakarudi kwenye kibanda.

Kwa miaka mingi nyumba ya mianzi ilidharauliwa kuwa ni ya maskini. Mtu akipata fedha, anakimbilia matofali na bati. (Kwetu je? Nyumba ya udongo na makuti haikusemwa hivyo hivyo?) Msanifu majengo Francisco Mañosa, aliyefariki mwaka 2019, hakukubaliana na dharau hiyo. Jengo lake la Coconut Palace mjini Manila limejengwa kwa mbao za mnazi na kupambwa kwa vifuu. Mwaka 2018 alitangazwa Msanii wa Taifa. Mimi nampenda kwa kuwaondolea watu aibu, ila jumba la fahari halimpi maskini pa kulala.

Mwaka huo huo wa 2018 kijana Earl Forlales, mwenye miaka 23, alishinda tuzo ya kimataifa huko Uingereza kwa nyumba ya mianzi aliyoibuni kwa ajili ya maskini wa Manila. Vipande vyake hutengenezwa kwanza, kisha huunganishwa mahali pake kwa saa chache. Wazo alilitoa kwenye nyumba ya babu na bibi yake. Taasisi ya Base Bahay nayo hujenga kwa fremu za mianzi zilizopigwa lipu ya saruji. Mianzi hutiwa dawa kwanza, maana wadudu huitoboa ikabaki unga.

Lakini kwangu mimi, kitu kikubwa kuliko mianzi ni bayanihan. Zamani familia ikihama, majirani walipitisha miti ya mianzi chini ya nyumba, wakaiinua nzima mabegani, wakaibeba hadi mahali papya. Mwenye nyumba aliwapikia. Jina hilo linatokana na bayan, yaani mji au taifa. Tanzania tuna msaragambo, Kenya wana harambee. Shirika la Gawad Kalinga limeifuata desturi hiyo: wanaopewa nyumba hutoa jasho lao pia, wakijenga pamoja na watu watakaokuwa majirani zao. Hapo ndipo wale waliohamishwa mbali na Manila walipopungukiwa: walipewa kuta, hawakupewa jirani.

Zoezi. Tazameni vitenzi hivi: beba, bebwa, ezeka, ezekwa, shona, shonwa, jenga, jengwa. Tafuta kwenye somo sentensi tatu zenye vitenzi vya namna ya pili, yaani kauli ya kutendwa, uziandike daftarini.

Kazi ya nyumbani: mpigie simu babu au bibi. Mwamkie kwanza! Kisha muulize nyumba aliyokulia iliezekwa kwa nini, nani walikuja kusaidia kuezeka, na siku hiyo walipikiwa chakula gani. Jumamosi ijayo kila mmoja atasimama atusimulie kwa Kiswahili. Wazazi, tafadhali msiwaandikie.