Nyimbo na Masomo: Somo kwa Vijana, Wazazi na Waongozi wa Waimbaji

Kila mwaka miezi ya Septemba na Oktoba ifikapo, malalamiko ni yale yale katika sharika zetu. Waimbaji wameanza kujifunza nyimbo za Majilio na za Noeli, na kila jioni nyumba ya ibada ina taa. Katika miezi hiyo hiyo wanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanzania wanajiweka tayari kwa mtihani wao wa Novemba. Basi kijana mwenye sauti nzuri huvutwa huku na huku. Mwongozi wa kwaya amwambia ya kuwa bila yeye sauti ya tatu itaanguka. Baba yake amwambia ya kuwa asipofaulu, hapana atakayemlipia karo mara ya pili. Wengine huondolewa katika kwaya kwa hasira. Wengine huimba mpaka Noeli, na matokeo yatangazwapo nyumba hujaa machozi, na lawama hutupwa juu ya nyimbo.

Watu huuliza, Je, kuimba kwampunguzia mtoto akili ya masomo? Mimi naona swali hili limeulizwa vibaya, na ndiyo sababu halipati jibu. Tulitazame jambo lenyewe polepole, kwanza katika Maandiko, kisha katika maisha ya mwana mmoja wa mchungaji, na katika ugomvi uliotokea zamani kwenye shule moja ya Kiluteri.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 15, twasoma habari za siku Daudi alipolipandisha sanduku la agano Yerusalemu. Mle ametajwa Mlawi mmoja, jina lake Kenania. Yeye aliwekwa juu ya nyimbo, na sababu yake yaelezwa waziwazi: alikuwa mstadi. Haikusemwa ya kuwa alikuwa na sauti tamu, wala ya kuwa alipenda sana kuimba. Pengine alikuwa na hayo yote mawili, lakini kilichompa kazi ni kujua. Tena katika mlango wa 25 wamehesabiwa waimbaji wa nyumba ya Bwana, watu 288, wote wamefundishwa, na mwalimu na mwanafunzi wakapigiwa kura sawasawa. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, mlango wa 14, ataka mtu aimbe kwa roho na kwa akili pia. Basi kuimba mbele ya Mungu ni jambo la kujifunza tangu mwanzo, na mtu asiyekubali kufundishwa shuleni, si rahisi afundishike katika kwaya.

Martin Luther alilijua jambo hili kwa maisha yake mwenyewe. Alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Eisenach aliimba milangoni pa watu pamoja na wenzake ili wapate chakula. Mwaka 1524 alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani juu ya kuanzisha shule, alieleza ya kuwa kama angekuwa na watoto angetaka wajifunze lugha na habari za kale, na pamoja nazo kuimba na hesabu. Sisi tumeirithi desturi hiyo pengine bila kujua. Neno lenyewe la shule tulilipokea kwa Wajerumani, na katika misheni za kwanza mwalimu aliyefundisha kusoma asubuhi mara nyingi ndiye aliyefundisha nyimbo jioni.

Sasa nawaletea habari za Albert Schweitzer, ambaye wengi humjua kuwa mganga wa Lambaréné katika nchi ya Gabon. Kwa leo tumwache mganga, tumtazame mvulana.

Alizaliwa mwaka 1875 katika Alsace, iliyokuwa chini ya Ujerumani wakati ule, na baba yake alikuwa mchungaji wa kijiji cha Günsbach. Alikuwa na umri wa miaka mitano baba yake alipoanza kumfundisha piano. Alipokuwa na miaka minane alianza kukipiga kinanda kikubwa cha kanisa, miguu yake ikiwa haijafika vema kwenye vikanyagio. Na kwa miaka tisa aliweza kupiga katika ibada badala ya mpigaji wa siku zote. Msomaji atadhani ya kuwa mtoto wa namna hii alikuwa wa kwanza katika kila jambo. Sivyo kabisa. Mwaka 1885 alipelekwa shule ya juu katika mji wa Mulhouse, akakaa kwa ndugu ya babu yake na mkewe Sophie, watu wasio na watoto, na huko masomo yakamshinda. Alikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana: mwili darasani, moyo milimani kwao. Alikuwa amepewa nafasi bila karo kwa kuwa ni mwana wa mchungaji, na nafasi hiyo ikawa karibu kupotea. Mkuu wa shule akamwita baba yake, akamdokezea ya kuwa labda ingekuwa heri kumwondoa. Noeli ile cheti chake kilikuwa kibaya hata mama yake akalia siku zote za likizo, macho yakawa mekundu.

Na katika muziki je? Hapo ndipo nitakapo mwangalie sana, enyi wazazi. Mwalimu wake wa piano, Eugen Münch, mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Stefano, alimwona kijana huyu kuwa mzigo. Albert alipenda kujipigia yaliyomjia kichwani, na kuzipitia nyimbo mpya mbiombio, lakini kipande alichopewa akijifunze hakukishika. Yaani ugonjwa ulikuwa mmoja, nao ulionekana katika Kilatini na katika piano vilevile. Kama baba yake angemkataza muziki kwa ajili ya cheti kile, nadhani asingeongeza hata alama moja. Angepata saa nyingi zaidi za kuota ndoto. Na watoto wetu, tunapowatoa katika kwaya ghafula, saa zile huenda wapi? Mara chache huenda vitabuni. Mara nyingi huenda barabarani, na siku hizi huenda katika simu.

Aliyemponya ni mwalimu mpya wa darasa, Daktari Wehmann, naye hakumponya kwa maonyo. Siku chache tu baada ya kuja kwake, Albert aligundua ya kuwa mwalimu huyu ameliandaa kila somo kabla ya kuingia darasani. Alijua kiasi atakachofundisha, akakimaliza saa yake ilipokwisha. Daftari alizirudisha siku ile ile na saa ile ile aliyoahidi. Kijana akaona haya mbele ya uaminifu huo, akatamani kuwa kama yeye. Ikapita miezi mitatu, na wakati wa Pasaka alikuwa miongoni mwa wanafunzi wema wa darasa.

Katika piano nako siku ilifika. Münch, amekwisha kuchoka, alimwekea kipande cha Mendelssohn, akasema ya kuwa hastahili kupewa kitu kizuri namna hiyo, maana atakiharibu kama alivyoviharibu vingine. Neno hilo lilimchoma. Juma lile Albert alitafuta kidole kifaacho kwa kila sauti, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akarudia na kurudia, na siku ya somo akakipiga kwa moyo wote. Mwalimu hakusema mengi. Alimshika mabega, kisha akakaa yeye mwenyewe akampigia kipande kingine. Baadaye alimpa Beethoven, na baada ya hapo Bach. Baada ya kipaimara Albert aliruhusiwa kujifunza kinanda kikubwa cha kanisa lile, chenye safu tatu za kupigia na aina 62 za sauti, na kwa umri wa miaka 16 alimshikia Münch nafasi yake katika ibada.

Lakini nimpendaye zaidi katika habari hii ni yule bibi Sophie, ambaye watu humsahau. Nyumba yake ilikuwa na saa za kila jambo. Baada ya chakula cha mchana Albert alikaa kwenye piano mpaka wakati wa kurudi shuleni. Jioni alifanya kazi za shule kwanza, na akizimaliza mapema alirudishwa kwenye piano, atake asitake. Bibi alimwambia ya kuwa bado hajui muziki utamfaa nini baadaye. Basi mtoto hakuwa na haja ya kuiba saa za vitabu ampe Bach, wala ya kuomba ruhusa kila siku kama mwenye kosa. Mwaka 1893 alimaliza shule ile, akaenda Paris kwa bwana Widor kuendelea na kinanda. Na mwaka 1899 alipata udaktari wa falsafa.

Habari ya pili ni ya wazee, nayo haina furaha. Huyo Bach ambaye Münch alimfundisha Albert kumpenda, alikuwa mwongozi wa nyimbo katika Shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu mwaka 1723 mpaka alipokufa mwaka 1750. Wavulana waliokaa shuleni mle walipewa chakula na mafundisho, nao waliimba katika makanisa ya mji. Mwaka 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji akiwahesabu: 17 wafaa, 20 hawajafaa bado, 17 hawafai kabisa. Wakati ule mkuu wa shule alikuwa Gesner, mtu mwenye elimu nyingi aliyempenda Bach, na mambo yakaenda vizuri. Mwaka 1734 akaja Ernesti, kijana wa miaka 27, naye alikuwa mwanachuoni kwelikweli. Huyu aliona ya kuwa nyimbo zawanyang'anya wanafunzi masomo yao. Imesimuliwa ya kuwa akimkuta mvulana anajizoeza kupiga chombo, alimwuliza kama naye ataka kuwa mpiga fidla wa vilabuni. Na ya kuwa Bach naye akaanza kuwachukia wanafunzi waliojitia katika vitabu na kuuweka muziki nyuma.

Mwaka 1736 moto ukawaka. Waligombania haki ya kumchagua kiongozi wa waimbaji. Mvulana aliyewekwa na mkuu wa shule, Bach alimfukuza roshani ya waimbaji. Mkuu akatangaza adhabu kwa yeyote atakayeimba chini ya mtu wa Bach. Barua zikaenda kwa wakuu wa mji, kisha mpaka kwa mfalme, na ugomvi ukachukua kama miaka miwili. Wanahistoria wameandika sana ni nani aliyekuwa na haki. Mimi nawafikiria wavulana wale, Jumapili, wamesimama roshani, wakitii huyu watapigwa na yule. Wakubwa wawili, kila mmoja wa kwanza katika kazi yake, hawakuweza kuketi meza moja na kugawanya saa za siku.

Je, sisi tumewapita? Ni sharika ngapi ambako mwongozi wa kwaya na mwalimu wa shule wamewahi kukaa pamoja, mzazi akiwapo, mwanzo wa mwaka, kabla hasira haijaingia? Jambo hili halihitaji fedha. Yafaa waulizane: zoezi ni siku zipi, laanza saa ngapi, na hasa lakwisha saa ngapi. Maana mazoezi mengi ya kwaya zetu hutangazwa kuwa saa kumi na moja, yakaanza saa moja usiku kwa kumngojea mwenye ufunguo, na mtoto aliyefika kwa wakati amepoteza jioni yake bila kuimba wala kusoma. Hapo kosa si la muziki. Wehmann angeona haya.

Tena wale wa mwaka wa mtihani wasifundishwe nyimbo mpya ndefu tangu Septemba. Waimbe Jumapili zile wanazozijua, wasichukuliwe katika safari za mbali, na mtihani ukiisha bado Majilio ina siku za kutosha kwao. Wako pia watoto ambao lazima waache kwaya kabisa kwa muda, kwa kuwa wamebaki nyuma mno. Nisifiche hili. Mwongozi asimwaibishe mtoto huyo mbele ya wenzake kana kwamba amemwacha Bwana, na akirudi apewe nafasi yake.

Nawe kijana, usimwambie baba yako ya kuwa wampenda Mungu kwa kuimba, hali daftari la hesabu halijafunguliwa tangu Jumatatu. Mwonyeshe daftari. Ukiwa waandika nyimbo zako kwa do-re-mi, ziandike kwa mkono ule ule safi uandikao masomo. Na saa ya kinanda ikwishapo, inuka, hata kama wimbo umenoga.

Tumrudie Albert kidogo. Mwaka 1913, amekwisha kuwa mganga, alikwenda Lambaréné, akidhani ya kuwa anakiaga kinanda. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye vikanyagio kama vya kinanda cha kanisa, iliyotengenezwa ivumilie hewa ya nchi za joto. Huko msituni akaamua kuzitumia saa zake za mapumziko. Wagonjwa walikuwa na saa zao. Na kazi ya mchana ilipokwisha, alikaa kwenye piano ile, akatwaa kazi moja ya Bach, akaishika kwa moyo sauti kwa sauti, hata kama yataka majuma au miezi, kisha akatwaa nyingine.