Baridi ya Milimani

Watu wengi wa nchi za mbali hudhani ya kuwa Afrika ni nchi ya joto tupu. Lakini mtu akilala usiku mmoja wa mwezi wa Julai huko Makete au Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ataiacha fikira hiyo kabla ya kupambazuka. Juu ya uwanda wa Kitulo, ulioinuka kadiri ya mita 2,600 toka usawa wa bahari, huwa ziko asubuhi ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Na majani ya viazi yaliyopigwa nayo hunyauka yakawa meusi kama yaliyounguzwa kwa moto.

Sababu za baridi hiyo si moja. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Tena katika mwezi wa Juni jua limekwenda upande wa kaskazini, nalo hufika mwisho wa safari yake kama tarehe 21, hata nchi zilizo kusini ya ikweta huliona likipita chini zaidi angani. Na usiku usio na mawingu ardhi hutoa joto lake likapotea juu, kisha hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana shamba la bondeni huharibika kwa sakitu, na la jirani aliye mlimani kidogo likasalimika.

Walakini mtu mwenye chakula, nguo na nyumba hana haja ya kuiogopa sana baridi yenyewe. Hatari iliyo kubwa zaidi huingia nyumbani pamoja na zile njia ambazo watu hutumia kuifukuza.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mtu ujipatie joto wenyewe, nalo ni kadiri ya digrii 37, wakati wa kiangazi na wakati wa kipupwe vilevile. Kuni za moto huo ni chakula. Nguo haizai joto hata kidogo: jiwe likifunikwa blanketi usiku kucha, asubuhi litakuwa baridi kama lilivyokuwa. Kazi ya nguo ni kulizuia joto la mwili lisitoke, na kizuizi chenyewe ni ile hewa iliyokamatwa ndani yake. Kwa hiyo nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, mara nyingi hushinda moja iliyo nzito, na sweta la sufu hushinda shati la pamba. Nguo iliyolowa haina hewa hiyo. Basi mtoto afikaye nyumbani ameloa ukungu na manyunyu avue kwanza, ndipo aote moto.

Wako watu wazima wasemao ya kuwa pombe huleta joto. Ni udanganyifu wa ngozi. Pombe huivuta damu ije karibu na ngozi, mtu akajisikia vema, kumbe joto la ndani linatoka nje. Na mlevi alalaye njiani usiku wa baridi yuko katika hatari ya kufa.

Sasa na ifikiriwe nyumba moja ya matofali, yenye madirisha ya vioo na mlango ufungao sawasawa. Jioni mama amepika ugali na maharagwe juu ya jiko la mkaa. Chakula kimekwisha, lakini makaa bado ni mekundu, wala hayatoi moshi. Watoto wanatetemeka. Baba asema, “Mama watoto, tusiupoteze moto huu bure, uingize chumbani.” Neno hilo ni la mtu asiyependa kuharibu mali, wala hakuna ndani ya nyumba aonaye ubaya wake. Madirisha yamefungwa, tambara limesindikwa chini ya mlango, na wote wamelala usingizi mzuri. Asubuhi jirani apiga hodi, apiga tena, wala haitikiwi.

Mambo ya namna hiyo yametokea mara nyingi katika nchi za milimani, nayo hayana uchawi. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, tena huishika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu huendelea kupumua, na kifua chapanda na kushuka, lakini damu haichukui tena kitu ambacho ubongo na moyo huishi kwacho. Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa, alikwisha kueleza jambo hilo mwaka 1857. Mwaka 1896 mwenzake wa Scotland, John Scott Haldane, alionyesha ya kuwa wachimbaji wengi waliokufa baada ya milipuko ya migodi ya makaa waliuawa na hewa hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji wachukue panya na ndege wadogo shimoni, kwa kuwa viumbe hao hulegea upesi kuliko mtu.

Huenda mwanafunzi akauliza, mbona babu zetu walilala kando ya moto wakaamka salama? Nyumba zao zilikuwa za nyasi, zilipitisha hewa pande zote. Na kuni zina moshi, nao moshi humwamsha mtu kwa kikohozi. (Moshi huo nao uliharibu macho na vifua vya wengi, wala si vizuri kuutamani.) Nyumba ya bati, dari na vioo ni bora kwa mambo mengi, lakini haikujengwa kwa ajili ya jiko la mkaa.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu wa nyumba moja wakipatwa na mambo hayo kwa pamoja, na jiko limo ndani, wasidhani ni malaria. Milango na madirisha yafunguliwe, kila mtu atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali hata akiwa amezinduka, ili apewe oksijeni. Maziwa, ambayo watu wengine huyasifu kuwa ni dawa ya kila sumu, hayafai kitu hapa. Maana sumu haimo tumboni, imo damuni. Na aliyezimia asinyweshwe kitu cho chote, asije akapaliwa.

Kwa hiyo jiko lisiingizwe chumbani cha kulala, hata kama makaa yamefunikwa majivu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Mwenye kutaka joto kitandani achemshe maji nje, ayaache yapoe kidogo, ayatie katika mpira wa maji ya moto uuzwao madukani, auzungushie kitambaa na kuuweka miguuni.

Kuna na mafua. Mafua hayazaliwi na baridi. Huletwa na vijidudu vipitavyo toka mtu hata mtu, navyo huzidi kuenea katika miezi ambayo watu wengi hukaa pamoja ndani ya vyumba vilivyofungwa. Basi mchana madirisha yafunguliwe, mtu akikohoa azibe kinywa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Lakini mtoto mdogo mwenye kikohozi aangaliwe anavyopumua, ametulia, kwa muda wa dakika moja nzima kwa saa. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hata 5 akipumua mara 40 au zaidi, au kifua chake kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, huenda ni homa ya mapafu, naye apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ileile. Ndugu mkubwa aliyejifunza kuhesabu aweza kufanya kazi hiyo.

Maji yanywewe ijapokuwa kiu haisikiki. Kuoga kusiachwe, maji ya vuguvugu yatosha, na mafuta yapakwe baadaye ili ngozi isipasuke. Mablanketi yaanikwe juani.

Moyo nao huona baridi. Huko Tromsø, kaskazini ya Norway, jua halichomozi kabisa kwa majuma kadhaa, na watu wengine wa nchi za namna hiyo hupatwa na huzuni ya kweli wakati wa giza. Makete si hivyo. Mchana wa Juni umepungua saa moja hivi tu kuliko ule wa Desemba. Lakini ukungu ukikaa siku nne tano, kila mtu hujifungia kwake, kazi hulala, na anayeishi peke yake hupitisha kutwa bila kusikia sauti ya mtu. Afadhali kutoka mara jua lionekanapo, kutembea na kufanya kazi ya mikono. Na jioni kukaa pamoja kwa hadithi na vitendawili. Mzee aliyefiwa hawezi kuyafuata hayo peke yake. Mtoto ampelekee mzigo mdogo wa kuni, ampe shikamoo, akae amsikilize ijapokuwa hadithi ni ileile ya jana. Na kabla ya kuaga atazame jiko liko wapi, na kama limo ndani amwombe ruhusa alitoe nje.