Jina la Mazrui na Utata wa Kuondoa "bin" katika Marejeo

Mtafiti wa Kiswahili asiyekuwa mwangalifu huweza kumpa mwana kazi ya baba yake, kwa sababu tu wote wawili wameorodheshwa kwa jina la Mazrui. Kiasili Mazrui ni nisba, yaani jina la kabila la Kiarabu lenye asili ya Oman. Lililomtofautisha mtu na nduguze ni jina lake, likifuatwa na "bin" na jina la baba.

Kwa watawala wa Mombasa hakuna utata. Ali bin Uthman wa karne ya 18 hachanganywi na Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka kuingia eneo la Wajerumani, ingawa utawala wa ukoo, uliotetewa na Muyaka bin Haji kwa mashairi, ulikwisha kuanguka mwaka 1837.

Matatizo yanaanza kwa waandishi. Sheikh Al-Amin bin Ali (1891-1947), Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Sahifa, aliandika kwa Kiarabu historia ya watawala hao. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933-2014), alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi ya pwani. Ikiondolewa "bin", Al-Amin Ali na Ali Al-Amin ni majina yaleyale yaliyogeuzwa. Tena yupo Alamin Mazrui, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) na diwani ya Chembe cha Moyo (1988). Hata cheo hakisaidii sana: Sheikh Muhammad Kasim Mazrui naye alikuwa Kadhi Mkuu.

Mfano mbaya zaidi ni wa mwaka 1995. Mwaka huo ilichapishwa tafsiri ya Kiingereza ya historia ya Sheikh, na mwaka huohuo Ali na Alamin walitoa pamoja kitabu kuhusu Kiswahili, dola na jamii. Rejeo la "Mazrui (1995)" laweza basi kumaanisha mwanachuoni aliyefariki miaka 48 kabla. Inafaa Sheikh aorodheshwe kwa Al-Amin bin Ali al-Mazrui. Kwa wale waliochapisha kwa desturi ya Kizungu, Mazrui itangulie, na jina la kwanza liandikwe kwa ukamilifu.